Shangazi, mwaka na ushee nasoma Kijerumani na bado nababaika: lugha huchukua muda gani?

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikikusoma kimyakimya kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili limeanza kuninyima usingizi.

Mimi ni mhasibu, nimevuka miaka arobaini. Kampuni ninayofanyia kazi ina wateja wanaozungumza Kijerumani. Mwaka jana bosi aliniita akaniambia nafasi ya kusimamia hesabu za wateja hao itakuja kuwa wazi, na atakayeichukua lazima aweze kuongea nao kwa lugha yao. Akasema, "Anza sasa hivi, mwaka mmoja tu utakuwa umeiva." Nikaanza. Nilipakua programu kwenye simu na kila usiku kabla ya kulala naifungua, kama robo saa hivi. Sijaruka hata siku moja, na programu yenyewe hunipongeza kila usiku. Jumamosi nina darasa la saa moja na nusu, ingawa nikisema ukweli, kazi ikibana silihudhurii. Niseme nimehudhuria nusu.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Juzi simu iliita mezani kwa mwenzangu, naye hakuwepo, nikaipokea. Salamu nilizijibu vizuri kabisa, mpaka moyoni nikafurahi. Kisha yule mama wa upande wa pili akaanza kunisomea namba ya ankara. Nikasikia saba, nikaandika 7. Nikasikia themanini, nikaandika 8. Kumbe alikuwa anasema themanini na saba, na mimi nimeandika 78. Kabla sijarekebisha alikuwa ameshafika kwenye tarehe, kisha kiasi, na mimi bado niko kwenye ile namba ya kwanza. Nikabaki kusema "ja, ja", yaani "ndiyo, ndiyo". Mwishowe akaniuliza swali, sikulielewa, tukanyamaza wote wawili, halafu akahamia Kiingereza kwa upole. Upole ule ndio ulioniumiza zaidi.

Kijana mmoja ofisini ananiambia ameona tangazo la kozi ambayo miezi mitatu tu mtu anatoka akiongea bila kikwazo. Dada yangu, ambaye watoto wake walihamia ugenini na baada ya mwaka wakawa wanacheza na wenzao kwa lugha ya huko, anasema mambo ya lugha ni ya utotoni na mimi nimechelewa.

Bosi ameniongezea muda: ana subira ya mwaka mmoja na nusu mwingine. Naomba uniambie ukweli, Shangazi. Kujifunza lugha huchukua muda gani hasa? Kichwa changu ni kizito? Umri umenitupa mkono? Au nimwambie ampe mtu mwingine mapema, kabla sijaaibika tena?

Ni mimi,
Mhasibu anayebabaika

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu wewe mwenyewe umeniandikia jibu bila kujua. Tulipige kwa hesabu, kazi unayoijua kuliko mimi.

Robo saa kila usiku kwa mwaka na miezi miwili ni kama saa 106. Jumamosi ulizohudhuria, kama ni nusu, ni thelathini hivi. Zizidishe kwa saa moja na nusu upate 45. Jumla yako ni takriban saa 150. Mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, huzimaliza saa hizo kabla wiki ya nne haijaisha. Kalenda inakuambia umesoma mwaka na ushee. Saa zinakuambia umesoma chini ya mwezi.

Sasa linganisha na wanaoifundisha lugha yenyewe. Ulaya hupima ujuzi wa lugha kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya chini kabisa, kisha A2, B1, B2, C1, hadi C2 ya juu, zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha na kutahini Kijerumani duniani kote, hukadiria kwamba kufika A1 mtu huhitaji vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, yaani saa 60 hadi 150. Kufika A2 ni vipindi 200 hadi 350. Wewe na saa zako 150 umeimaliza A1 na unaingia A2. Mtu wa hapo anajua kusalimia, kujitambulisha, kueleza anaishi wapi na anafanya kazi gani, na kusoma ujumbe mfupi. Kuandika namba ya ankara, tarehe na kiasi kutoka kwa mtu anayesema kwa kasi yake ya kila siku, tena kwa simu, ni kazi ya mtu aliye mbele yako kwa mamia ya saa. Ulipewa mtihani wa darasa la mbali ukiwa bado hujalifikia, na ukaufanya bila kukata simu.

Kwa hiyo swali la kichwa kizito naliweka kando. Kichwa chako kimefanya kazi sawasawa na saa ulizokipa.

Kinachonikera ni namna watu wanavyolijibu swali lako kwa miezi. Mtu akikuambia miezi mitatu, miezi sita, mwaka, muulize papo hapo: saa ngapi kwa siku, na kufika wapi? Bila majibu hayo mawili hajakuambia kitu. Hata hilo tangazo la kijana wa ofisini linaweza kuwa na chembe ya ukweli. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina chuo chake cha kuwaandaa wanadiplomasia, Foreign Service Institute, ambacho kimefundisha lugha kwa miaka mingi na kuandika wanafunzi wake huchukua muda gani. Kihispania na Kifaransa hutengewa wiki 24 hadi 30. Kijerumani wiki 36, na utafurahi kusikia kwamba Kiswahili chetu kimewekwa kundi hilohilo. Kirusi na Kihindi wiki 44. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea wiki 88. Lakini wanafunzi hao wanalipwa mshahara kusoma. Hukaa darasani kama saa 25 kwa wiki, katika kikundi kidogo, kisha hurudi na kazi za kufanya jioni. Miezi yao mitatu ina saa 300 za darasani peke yake, mara mbili ya mwaka wako wote. Na kwa Kijerumani, baada ya miezi hiyo mitatu, chuo hicho bado kinawaona hawajafika hata nusu ya safari.

Jambo jingine kuhusu orodha hiyo: imepangwa kwa ajili ya watu ambao lugha yao ni Kiingereza. Ugumu wa lugha hupimwa kuanzia pale mtu aliposimama. Kizulu wamekiwekea wiki 44, lakini wewe ukikutana na ngeli zake utahisi uko kwa jamaa. Kiarabu walichokipa wiki 88 kimejaa maneno ambayo umeyatumia tangu utotoni, ingawa maandishi yake na sarufi yake bado vitakutoa jasho. Kwa Kijerumani una mguu mmoja ndani kupitia Kiingereza unachotumia kazini, na mguu wa pili kupitia Kiswahili. Watu wengi hulalamika kwamba Kijerumani kina jinsia tatu za nomino. Wewe unapatanisha vivumishi na vitenzi kwa ngeli nyingi zaidi ya tatu, kila siku, bila kufikiri. Tofauti ni kwamba nomino ya Kijerumani mara nyingi haikuonyeshi jinsia yake usoni, kwa hiyo jifunze kila nomino pamoja na der, die au das yake, lile neno dogo linaloitangulia na kuonyesha jinsia yake, tangu siku ya kwanza. Kama daftari lako lina nomino bila kitangulizi hicho, anza kulirekebisha wiki hii.

Sasa tuje kwenye muda ulio mbele yako. Kazi uliyoelezwa, kuongea na wateja kuhusu hesabu zao, naipima kuwa ni ya ngazi ya B2. Goethe-Institut huikadiria kwa vipindi 600 hadi 800, yaani saa 450 hadi 600 tangu mwanzo. Umeshafanya 150. Zimebaki 300 hadi 450. Mwaka na nusu una wiki 78. Gawanya mwenyewe: ni kati ya saa nne na saa sita kwa wiki. Mimi ningekuambia uchukue sita, kwa sababu si kila saa ya kujisomea peke yako ina uzito wa saa ya kukaa na mwalimu, na kwa sababu kuna wiki utaugua, kuna wiki utafunga hesabu za mwaka. Saa moja kwa siku, siku sita. Ukiweza hivyo, mwisho wa muda wa bosi utakuwa na saa kama 620.

Ukiweza tatu tu kwa wiki, utafika kama saa 384, ambazo ni vipindi 512. Hapo uko B1: unajieleza, unaelewa mtu anayeongea polepole na kwa ufasaha, unaandika barua pepe kwa msaada wa kamusi. Ni hatua ya heshima, lakini simu ya mteja aliyekasirika bado itakushinda. Na ukibaki na robo saa yako ya usiku peke yake, mwaka na nusu mwingine utakuongezea saa 137. Nakuandikia namba hizi zote tatu ili uchague ukiwa macho. Una kazi, na bila shaka una watu wanaokutegemea. Saa sita kwa wiki hazidondoki kutoka hewani, lazima zitolewe mahali. Wewe ndiye unayejua zitatoka wapi.

Kuhusu umri, mwambie dada yako nimemsalimu, na kwamba anachokisema kina ukweli nusu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliotumia majibu ya watu wapatao 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti. Waliona kwamba uwezo wa kuinasa sarufi ya lugha mpya hudumu mpaka karibu miaka 17 au 18, kisha huanza kushuka. Ukitaka kuongea hadi mtu asijue kwamba hukuzaliwa na lugha hiyo, naam, kuanza mapema ni bora. Lakini bosi wako hakukuomba hilo.

Katika mbio za mwanzo, mkubwa ndiye anayetangulia. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wa rika mbalimbali waliozungumza Kiingereza na kuhamia Uholanzi, wakajifunza Kiholanzi wakiishi nacho. Miezi ya kwanza walioenda kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Watoto wadogo wa miaka mitatu hadi mitano ndio waliopata alama za chini kabisa. Mtu mzima anajua kitabu cha sarufi ni nini, anajua kuuliza, anajua kupanga. Umesoma uhasibu, umeshamudu mfumo mzima wa kanuni na istilahi. Akili ileile ndiyo itakayobeba Kijerumani.

Na wale watoto wa dada yako? Kucheza na wenzao baada ya mwaka naamini kabisa. Mtafiti wa Kanada Jim Cummins, aliyechunguza watoto wa wahamiaji, alionyesha kwamba mazungumzo ya kawaida ya uwanjani huja ndani ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya darasani, ya kueleza hoja na kuelewa kitabu cha sayansi, iliwachukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Hao ni watoto, wanaishi ndani ya lugha kutwa nzima, shuleni kila siku. Watu wazima tunawaona wakirusha mpira na kupiga kelele tunasema wamemaliza lugha kwa mwaka. Hatuwaoni wakiwa mbele ya swali la mtihani. Kwa hiyo usijipime na mtoto anayeomba mpira wakati wewe unatakiwa kujadili riba na salio.

Sasa hiyo simu. Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona kitu ambacho wewe hukukiona.

Namba za Kijerumani kuanzia 21 hadi 99 husemwa mamoja kwanza, makumi baadaye. 87 ni siebenundachtzig: saba, kisha themanini. Sisi tunaanza na themanini. Mkono wako umezoea miaka arobaini kuandika kinachosikika kwanza upande wa kushoto. Hili halihusiani na akili. Ni mazoea ya mkono, na mazoea huvunjwa kwa mazoezi. Mtafute mtu, au tumia sauti ya kompyuta, akusomee namba za tarakimu mbili mfululizo, thelathini au arobaini, kwa kasi ya kawaida. Ukisikia sieben, iandike 7 ukiacha nafasi ya tarakimu moja kushoto kwake, halafu ukisikia achtzig ijaze 8 pale palipoachwa. Usitafsiri chochote kichwani. Fanya dakika tano kila siku, kisha nenda kwenye namba za mamia, kisha kiasi chenye senti, kisha tarehe. Baada ya wiki kadhaa utaona mkono umeanza kujua wenyewe. Ukisikia zwo usishtuke: ni zwei, husemwa hivyo hasa kwenye simu ili isichanganywe na drei.

Na mwenye simu ana haki ya kuomba. "Ziffer für Ziffer, bitte" ni kumwomba mtu asome tarakimu mojamoja. "Könnten Sie das bitte wiederholen?" ni kumwomba arudie. Ziandike kwenye karatasi ubandike kando ya simu. Mhasibu anayeomba namba irudiwe anaonekana makini. Anayesema "ja, ja" huku hajaelewa ndiye atakayelipa ankara ya mtu mwingine. Na baada ya namba kusomwa, isome wewe kwa sauti umrudishie. Ni kawaida hata kwa wenyeji, na inakupa nafasi ya pili bila aibu yoyote.

Simu, kwa jumla, ndiyo mahali pagumu kupita pote. Huoni mdomo, huoni mkono, huoni karatasi anayoionyesha, na huwezi kurudi nyuma kama unavyorudia mstari wa barua. Isitoshe, katika sentensi nyingi za Kijerumani kitenzi muhimu huja mwishoni, kwa hiyo lazima uishike sentensi nzima kichwani ukisubiri kujua kilichotendeka ni nini. Ukibabaika kwenye simu usilihukumu somo lote kwa hilo.

Nikirudi kwenye ile saa moja kwa siku, ningependa uigawanye tofauti na unavyofanya. Programu ya simu ina kazi yake, nayo ni kukukumbusha maneno. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, na matokeo yake bado yanasimama: kinachojifunzwa leo huporomoka kwa kasi siku za mwanzo, na kila ukikirudia kwa nafasi, leo, kesho, baada ya siku chache, baada ya wiki, huporomoka polepole zaidi. Ipe programu robo saa yake, basi. Lakini ndani yake unachagua jibu kati ya majibu manne, na mteja hakupi majibu manne uchague.

Nusu saa nyingine isikilize. Tafuta mazungumzo ambayo unayaelewa karibu yote, yaliyorekodiwa kwa wanaojifunza, na uyarudie yaleyale mpaka yasikike ya kawaida. Kusikiliza redio ya kasi ambayo huambulii kitu ni kujitesa. Masikio hayajifunzi kutoka kwenye kelele. Siku mbili kwa wiki badala ya kusikiliza, soma: barua pepe za zamani za wateja wenu, kama bosi anaruhusu, ndiyo kitabu bora utakachopata, kwa sababu maneno yaliyomo ndiyo utakayoyatumia.

Muda uliobaki ongea. Hapa wengi huniambia, "Nitaanza kuongea nikishajua." Mtafiti Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Waliielewa lugha karibu sawa na wenyeji, lakini walipoongea na kuandika sarufi yao ilichechemea. Mwaka 1985 akaandika kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mtu lazima alazimike kuitoa lugha mdomoni, akwame, atafute njia. Kwa hiyo lile darasa la Jumamosi unaloliruka mara kwa mara ndilo lenye thamani kuliko usiku wako wote. Kama mwisho wa mwezi unakushinda, zungumza na mwalimu mhamishe siku, au mpate vipindi viwili vifupi katikati ya wiki. Na ukiwa peke yako jieleze kwa sauti ulichofanya siku hiyo ofisini: nimepokea ankara, nimelipa, haijalipwa, tarehe ya mwisho imepita. Sentensi kumi. Zilezile zitakurudia kazini.

Nikuandae na jambo moja lijalo. Kati ya sasa na mwisho wa safari yako utafika mahali utahisi umesimama. Maneno ya mwanzo unayakuta kila mahali, kwa hiyo kila wiki unaona umepanda. Katika Kiingereza, maneno 2,000 yanayotumika zaidi hubeba karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida, na lugha nyingine zina mwelekeo huohuo. Inasikika nyingi, lakini maana yake ni kwamba neno moja katika kila matano hulijui, na mara nyingi ndilo lililobeba ujumbe. Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu afuate mazungumzo ya Kiingereza bila kukwamakwama anahitaji familia za maneno (neno na maumbo yake yote huhesabiwa familia moja) 6,000 hadi 7,000, na 8,000 hadi 9,000 kwa kusoma riwaya na magazeti. Hayo ya mbele hayajitokezi mara kwa mara, kwa hiyo unasoma kwa bidii ileile na huoni kitu. Wengi huacha hapo, nao huacha wakiwa wanapanda. Weka rekodi za sauti yako ukiongea dakika mbili kila baada ya miezi miwili, usizisikilize mpaka siku utakapohisi umesimama.

Tumalizie na bosi, maana swali lako la mwisho ndilo nililoliona la haraka. Usimwambie ampe mtu mwingine. Mwambie ukweli wenye namba: kwamba makadirio ya wafundishaji wenyewe ni saa 450 hadi 600, kwamba umefanya 150, na kwamba utafika ukiwa na saa sita kwa wiki. Kisha mwombe mambo mawili. La kwanza, saa mbili kati ya hizo sita ziwe ndani ya muda wa kazi, kwa sababu kazi ndiyo inayozihitaji. "Mwaka mmoja utakuwa umeiva" aliusema yeye. La pili, akupe wateja hao kwa maandishi kwanza. Kuanzia mwezi ujao jibu barua pepe zao nyepesi, mwenzako azipitie kabla hazijatumwa. Baada ya miezi kadhaa uingie kwenye simu pamoja naye ukisikiliza na kuandika namba, yeye akiongea. Baadaye mbadilishane.

Na yule mama wa kwenye simu, mwandikie barua pepe wiki hii. Mistari mitatu ya Kijerumani, uithibitishe ile namba ya ankara inayoanza na 87.

Shangazi